Wembe wa Babu Robo

Mtaa mzima ulimwita Babu Robo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, ndani ya kibanda cha mbao kisichotosha watu wawili walioshiba, lakini kilichomvumisha ni wembe. Dawa nyingi za watoto zilikuja kama vidonge vya watu wazima. Daktari akiandika robo, mama anabaki ameduwaa na kidonge mkononi, hajui akikate kwa kisu au akiume. Basi anampelekea Babu Robo. Mzee anavaa jichoni kioo chake cha kukuzia, anabana pumzi, anakata, na huwezi kusema kipande kipi ni kikubwa. Ukimsifu anakutazama kama umemtukana, kwani ulitarajia nini?

Mteja wake wa kwanza alikuwa mjukuu wake mwenyewe wa kike. Alimwita Bosi, kwa sababu mtoto yule akifika kibandani alikalia kiti cha pekee kilichokuwepo na kuanza kutoa amri. Bosi alizaliwa na moyo dhaifu. Dawa ikipungua, miguu inavimba na maneno anayatoa kwa vipande. Mama yake alitoka kazini usiku, kwa hiyo dawa ya jioni ilikuwa mikononi mwa babu. Mzee alijua fika kwamba mkono wake ukikosea, atakayelipa ni huyu mtoto.

Siku moja kliniki, daktari wa watoto aliwaketisha mama na babu akawaeleza jambo. Chuo kikuu cha mji ule kilikuwa kimeungana na chuo kingine cha ng'ambo, pamoja na hospitali hiyo, na kwa pamoja wametengeneza dawa ileile ya moyo katika kidonge cha kitoto kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Sasa walitaka kujua kinafanyaje kazi mwilini mwa mtoto. Kila kliniki Bosi angetobolewa kidole, tone la damu likaushwe kwenye karatasi maalumu, na mashine isome ni dawa kiasi gani imo. Kukataa ni ruksa, na hakuna atakayewanunia. Mama alikubali. Bosi naye aliulizwa, maana ndiyo kanuni yao, akasema sawa, ila asitobolewe kidole anachochorea.

Jioni hiyo Babu Robo alikigeuzageuza kidonge kipya chini ya taa. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Akamwandalia Bosi dawa yake kwa uangalifu uleule wa siku zote.

Hazikupita wiki nyingi, viatu vya Bosi vikaanza kukataa kuingia. Babu alijidanganya kwamba mtoto anakua. Lakini kliniki, daktari alibonyeza mguu wa Bosi na kidole chake kikaacha shimo. Akaisoma karatasi ya majibu mara mbili. Watoto wengine wote walikuwa wanaendelea vizuri, alisema, isipokuwa huyu. Damu yake ilionyesha nusu tu ya dawa waliyo nayo wenzake. Hali ikiendelea hivi itabidi alazwe, na dawa yenyewe ataachishwa. Mama alianza kulia kimyakimya.

Daktari akamwomba aonyeshe jinsi anavyompa, hatua kwa hatua, kama yuko nyumbani. Mzee alifurahi kupata la kufanya. Akavaa kioo chake, akafunua wembe kwenye kitambaa, akabana pumzi, akakipasua kidonge katikati. Kazi safi kabisa.

"Nampa nusu hii," alisema. "Si ni mtoto?"

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, hiki kilishapunguzwa kabla hakijafika kwako."

Babu Robo alivua kioo. Aibu ilimshika, naam, lakini kilichomshika zaidi ni kitu kingine. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, alikata kidonge, na tone la damu lililokauka kwenye karatasi lilikwenda kuwaambia watu asiowajua.

"Kwa hiyo damu iliniona?" aliuliza.

"Ilikuona," daktari akasema. "Na sisi ndio tulikosea. Hatukukwambia usikate."

Bosi hakutolewa kwenye utafiti. Kosa liliandikwa kama lilivyo, na tangu hapo kila pakiti ikachorwa wembe uliopigwa msalaba. Mzee aliwaambia wateja wa saa kwamba huo ni wembe wake, na hakuna aliyemwamini. Jioni, Bosi alidumbukiza kidonge kizima kijikoni mwenyewe. Kilizunguka, kikalegea, kikatoweka. Babu aliyatazama yale maji kwa kioo chake, akastaajabu kama mtu aliyeonyeshwa nyota mchana. Alikuwa amefungua saa maisha yake yote, na hakuwahi kuona kazi ndogo kiasi hicho. Uvimbe wa miguu ya Bosi ukapungua, viatu vikaingia.

Lakini utafiti una safari yake, na watoto wasiokuwemo waliendelea kuletewa vidonge vikubwa. Mzee aliendelea kukata, ila hakuringa tena. Kila robo aliiombea dua.

Miaka ikapita. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa wa moyo, mteja wake wa muda mrefu, alisimama kibandani. Babu Robo alivaa kioo, akafunua wembe, akanyoosha kiganja.

"Leo sina kidonge, babu," mama akasema. "Vya watoto vimefika pale dirisha la dawa hospitalini, wanampa kila mtu. Nimekuletea saa, imesimama."

Mzee aliipokea. Alijaribu kuifungua, lakini kioo kilikuwa kimejaa machozi, akawa haoni hata skrubu, mpaka Bosi, sasa binti mrefu, akamwondolea wembe taratibu na kumwachia kiti.