Miaka Mitano Niliyoitunga kwa Maikrofoni

Jamani, kosa ni langu. Msimlaumu mtu mwingine. Ni huu mdomo, ambao ukipewa nafasi unajaza uwanja mzima na watu wengine wakabaki nje!

Mwende nilisoma naye masomo ya jioni ya elektroniki hapa mtaani Umoja. Ni yeye aliyebuni saketi ya mashine ya kuuza maji. Inaenda hatua kwa hatua: ngoja sarafu, mimina, simama. Utamu wake ni huu: stima ikipotea mtungi ukiwa nusu, saketi inakumbuka ilipofika, na stima ikirudi inakumalizia maji yako. Mimi mchango wangu? Nilishika tochi akiunganisha nyaya!

Siku ya sherehe ya kufuzu, Mwende akiwa kazini, nikanyakua maikrofoni. Saketi haikuwa imemaliza hata mwezi, lakini mimi nani wa kunizuia? "Hii mashine imefanya kazi miaka mitano! Kila ploti ya Umoja inaijua! Hata Pumwani wanatuomba!" Vigelegele! Binamu yangu akarekodi, akaweka mtandaoni.

Baadaye Mwende akaomba hataza, ile haki ya kumiliki ubunifu wako. Kampuni moja iliyokuwa imeanza kuuza saketi kama yake ikapinga, ikidai si kitu kipya. Shahidi wa Mwende alikuwa mmoja tu. Mimi.

Kabla ya kikao cha baraza la kusikiliza pingamizi hilo, Mwende akaniuliza, "Buda, uliwahi kuongea hii kitu mahali? Niambie tu ukweli."

"Mimi? Zii! Hata mama yangu hajui."

Wuuui! Wakili wa kampuni akafungua ile video kwenye simu, sauti yangu ikajaa chumba: miaka mitano! Na kitu kilichojulikana miaka mitano si kipya tena.

Nikasimama, jasho linatiririka. "Waheshimiwa, hapo nilikuwa natia chumvi tu."

Mwenyekiti wa baraza akanitazama. "Na leo, kijana, umetia au hujatia?"

Watu wakacheka. Mwende hakucheka. Ombi lake likakataliwa.

Nje nikaanza, "Mwende, aki mimi..."

"Ile video ningeitafutia jibu," akasema polepole. "Lakini si nilikuuliza?"

Aki ya Mungu, aliniuliza, na aliyemdanganya ni nani? Mimi!

Wewe mwenye mdomo kama wangu, sikukatazi kuchangamsha sherehe. Ila rafiki akikuuliza ana kwa ana, wakati mambo bado yanaweza kuokolewa, sema ndiyo, niliropoka. Hiyo aibu ningeimeza na ugali, nikalala. Hii niliyo nayo haimezeki.