Nilifunga breki za skrepa kwenye Landrova ya mzee, pedeli ikawa laini, nikanyamaza

Wakuu, poleni na mahangaiko. Kisa hiki nimo ndani yake mwanzo mwisho na sijajipamba popote. Anayetaka kunicheka acheke, nimestahili.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa sola, naishi Kilole, Korogwe. Ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango lazima nirudi kuutikisa. Mke wangu ananiita Bwana Itakuwaje.

Mzee wangu yuko Mazingara, Handeni, analima. Ana Landrova 109 ya zamani ambayo bado inanguruma. Breki zake zilikuwa za drum, zile za viatu ndani ya ngoma, mbele na nyuma, na zikilowa maji unakanyaga halafu unasubiri majibu.

Nikamwambia tuweke disc mbele, zile za sahani. Akagoma.

"Breki hizi zimenibeba mimi na mama yako miaka yote. Leo zimekukosea nini?"

Tulibishana karibu mwaka mzima. Mwisho akasema haya, fanya, lakini hendibreki yangu usiiguse.

Kwa wasiojua, hendibreki ya gari lile haitumii mafuta ya breki. Inabana shafti inayopeleka nguvu nyuma, kwa vyuma tu. Likumbukeni hilo.

Spea nilizipata kwenye yadi ya skrepa hapa Korogwe. Kulikuwa na Landrova Wan Teni iliyopata ajali, imelala chali, matairi juu. Mimi na fundi Mbwana, jirani yangu, tukafungua disc, caliper, yaani vibanio vinavyoishika disc, na vyote vinavyoambatana navyo. Caliper ya kulia nikaifunga kitambaa chekundu nisije nikachanganya. Nilijiona makini sana.

Jumamosi asubuhi tukazifunga, palepale uani kwa mzee.

Shughuli ikawa kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Mimi nakanyaga, Mbwana anafungua nati, anafunga, nakanyaga tena. Tulirudia mpaka mguu ukaniuma. Pedeli laini. Ukipampu mara tatu inakuwa ngumu, ukiiacha inalegea.

"Zitakaa sawa zikitembea, kaka," Mbwana akasema.

Moyo wangu ukakataa kabisa. Lakini mzee alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, ananiangalia.

"Vipi, zimekubali?"

"Zimekubali, baba."

Hapo ndipo nilipoharibu, wakuu. Mwaka mzima nimebishana naye, leo nikubali kwamba za zamani zilikuwa bora? Sikuweza.

Nikasema naenda kulijaribu kidogo. Sasa kwetu gari halitoki tupu. Ukiwasha injini tu, watu wanajua kuna safari. Nageuka kushoto, mama mkubwa, dada yake mama, ameshaketi mbele mlangoni na kikapu chake. Anakwenda Kilole kumwona mjukuu wake mchanga. Nyuma watu saba pamoja na Mbwana, magunia mawili ya maharage ya fiwi, na kuku. Mzee naye akapanda, akakaa katikati, kati yangu na mama mkubwa.

Ningewaambiaje washuke? Mama mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni. Na nikisema breki zina shaka, mzee anasikia.

Nikaondoka.

Kila baada ya muda napampu kisirisiri. Mama mkubwa anasimulia kichanga kafanana na nani, naitikia "eeh, eeh" bila kusikia kitu.

Kabla ya kufika lami kuna mteremko, na chini yake kalavati. Siku hiyo ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanavuka.

Nikakanyaga. Pedeli ikaenda mpaka chini.

Nikapampu. Ikashika kidogo, ikaachia. Gari zito, linazidi kushuka. Niliogopa, wakuu.

"Shusha gia," mzee akasema, taratibu tu. "Ya pili. Haya, ya kwanza."

Gari likalalamika, likapungua. Halafu nikaona mkono wake uko kwenye hendibreki, anaivuta kidogo kidogo. Tukatetemeka wote, tukasimama. Ng'ombe wa mwisho alikuwa mbele ya bampa. Akatutazama, akaendelea na safari zake.

Nyuma mtu akauliza, "Tumefika?"

Mbwana akaingia chini ya gari, akakaa huko muda. Akatoka ameshika kichwa. Nati za kutolea upepo zilikuwa zinaangalia chini. Hewa inakaa juu, sisi tumeshinda tunaitafuta chini.

Caliper tulizipishanisha. Ile Wan Teni ilikuwa imelala chali, kwa hiyo niliyoita kulia ilikuwa kushoto. Kitambaa changu chekundu kikapotosha kila kitu.

Abiria wakapata gari jingine lililopita. Mama mkubwa akaniaga kwa kunipa pole, na hiyo pole iliniuma kuliko angenitukana.

Mbwana akaanza kubadilisha caliper palepale. Mimi na mzee tukakaa pembeni kwenye nyasi.

"Ulikuwa unajua tangu nyumbani?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikuwa najua.

"Na mimi nilijua. Nilikuona unavyopampu pale uani. Ndiyo maana nikakaa katikati, karibu na hendibreki."

"Baba, sasa kwa nini hukusema?"

"Nikuaibishe mbele ya watu?"

Yeye analinda heshima yangu, mimi nalinda ushindi wangu, na watu wote wale wamepanda wanatuamini.

Nilichojifunza: spea ya gari lililopinduka, simama kwanza ujiulize kulia ni wapi. Na pedeli ikiwa laini, sema ni laini, hata kama baba yako amesimama mlangoni.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kubeba watu huku mnajua gari lina shaka, semeni, humu hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Breki sasa zinashika vizuri kabisa. Ila mzee akipanda bado anakaa katikati, hata kiti cha mlangoni kikiwa wazi, na mimi sijamuuliza.