Nondo Ambayo Haikuwa Nyekundu

Umeniona nikiuchomoa ule upawa wa chuma kwenye sufuria yako ya chai, mwanangu, ukacheka: "Ayeeyo, unaogopa upawa?" Ndiyo, bibi yako naogopa, wala sioni haya. Kaa hapa na kichanga chako nikuambie.

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Waberi, nilipokuwa bado mgeni wa mji, nimeolewa kutoka Sangailu, na mama yako ndiyo kwanza anatambaa. Nilijiona mjuzi wa kila kitu. Kwetu malishoni chombo cha maziwa tulikifukiza kwa kijiti kinachowaka: ncha moja nyekundu, ncha ya pili umeishika na huhisi kitu. Lakini mjini kuni nzuri zilikuwa shida. Nilipata vibanzi vidogo tu, visivyoshikika. Nikavitia ndani ya chombo, nikaamua kuviwasha kwa kipande cha nondo, shubiri moja na kidogo, nilichookota palipokuwa pakijengwa. Chuma cha kupigia ngamia chapa kilikuwa kazi ya wanaume, mimi ningejulia wapi? Nikaichomeka nusu kwenye makaa ya jiko, nusu ikabaki nje, nikatoka kumwaga maji machafu.

Niliporudi, mama yako alikuwa ameshafika jikoni, kiganja kimenyooka kuelekea ile nusu nyeusi. Mimi nikatulia, mwanangu. Nilitulia! Nilijua ncha yenye moto iko mbali naye. Mama mkwe wangu ndiye aliyeruka kutoka mkekani akamnyakua.

"Subhanallah! Hooyo, mwanangu, huoni?"

"Lakini huku si kwekundu," nikajitetea.

Mama mkwe alichovya kidole kwenye maziwa, akadondosha tone moja juu ya ile ncha nyeusi. Likachemka pale pale, likakauka, likabaki doa.

"Chuma si mti," akasema. "Mti huubania moto ulipo. Chuma hupokea huku kikapeleka kule, na hakikuambii."

Nilikaa chini nikalia. Nilikifunua kile kiganja kidogo sijui mara ngapi, sikuona hata alama, nikasema Alhamdulillahi mpaka mama mkwe akanicheka: "Basi sasa, utamchubua mtoto kwa kumbusu."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, usiamini rangi ya chuma. Upawa, kifuniko, mkono wa sufuria, vyote hupitisha joto kutoka motoni hadi kwako, sehemu moja ikiipasha ya jirani yake mpaka mwisho. Ukipika, tumia mwiko wa mti. Ukiipua, shika kwa kitambaa kikavu, maana kikilowa nacho hupitisha joto upesi. Na ukiwa na shaka, dondosha tone la maji kwanza. Mimi tangu siku ile sijaacha, na wajukuu mnanicheka.

Wiki iliyopita mama yako alimpokea mwanao kwa viganja vile vile, laini, havina kovu. Nilivitazama nikashusha pumzi kana kwamba ni asubuhi ile. Mungu avilinde na vya mwanao, na siku utakayotulia mahali pasipo pa kutulia, akujaalie mtu wa kuruka. Amin.

Haya, rudisha chai motoni. Upawa unabaki na mimi.