Mende wa Chumba cha Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alitandika vitanda vya watu asiowajua. Alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya mjini, ghorofa ya tatu, vyumba kumi na sita kwa siku. Wenzake walimwita Mama Mashuka, kwa sababu shuka alilolitandika yeye lilinyooka hata ungedhani limepigiwa pasi palepale juu ya godoro. Alikwisha kuona kila ambacho binadamu hukiacha nyuma yake: nywele zilizoziba tundu la bafu, meno ya bandia ndani ya glasi ya kunywea, ganda la ndizi chini ya mto. Vyote alivizoa bila kukunja uso. Alivaa glavu, na walioviacha hawakuwa ndugu zake. Wakishaondoka, wameondoka.

Mwenye hoteli ile alikuwa na hoteli nyingine ufukweni, na mwaka huo akaamua kuwatuza wafanyakazi waliotimiza miaka ishirini: siku nne za mapumziko, wao na familia zao, bila kutoa chochote. Fadhila yenyewe ilipangiwa majira ya vuli, wageni wa kiangazi wamekwisha kurudi makwao, upepo umeanza kuwa na meno, na vyumba vingi havina mtu. Mama Mashuka hakujali. Aliisoma barua ya habari hiyo mara tatu akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kisha akajifuta macho kwa aproni. Miaka yote ile hakuwahi kulala kwenye kitanda cha hoteli hata usingizi wa dakika tano.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe ambaye alikuwa fundi wa mafriji, na binti yao wa miaka kumi na minne. Wa nne alijialika. Huyo alikuwa dada mkubwa wa mume, mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

"Barua imesema watu wanne, wifi," alisema. "Nyinyi mko watatu. Mnataka kitanda kimoja kilale peke yake kama yatima?"

Mume akacheka. Mama Mashuka naye akacheka, maana afanyeje?

Walipewa vyumba viwili vilivyopakana, cha kumi na nne na cha kumi na tano, vyenye mlango katikati. Wifi na binti wakachukua cha kumi na nne. Madirisha yalitazama bwawa la kuogelea, na bwawa lilikuwa limefunikwa na majani makavu ya miti iliyozunguka ua, yameloa, yamekuwa rangi ya chai iliyolala. Bahari ilikuwa upande wa pili wa jengo. Jambo hilo lilimkaa wifi kooni tangu mzigo wake haujatua chini.

"Tumesafiri saa saba kuja kutazama dimbwi," alisema.

Jioni ile waliyofika Mama Mashuka alioga maji ya moto mpaka vidole vikajikunja, akajilaza katikati ya kitanda, akanyoosha mikono. Furaha ile ilidumu kama nusu saa. Kisha mumewe akatoka bafuni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kukata kucha za miguu. Kucha ziliruka moja baada ya nyingine, tak, tak, zikatua juu ya shuka jeupe. Moja ilimwangukia mkewe kwenye mkono.

"Mume wangu, kuna pipa hapo."

"Acha bwana. Yupo wa kuzoa," mume akajibu, na akafuta vumbi la viatu vyake kwa taulo la uso.

Alisema hivyo mtu ambaye mkewe alikuwa ndiye huyo wa kuzoa, kwa miaka ishirini na miwili. Mama Mashuka alimtazama akitarajia angalau ashtuke kwa alichokisema. Mume alikuwa anatafuta rimoti.

Asubuhi yake kwenye ukumbi wa chakula, wifi alipita mezani kama anayehama nyumba. Mayai manne, soseji hazihesabiki, mikate mitatu. Alichovya kijiko kwenye bakuli la jamu la watu wote, akakilamba mbele na nyuma, akaona jamu ni nzuri, akakirudisha kijiko kilekile ndani. Mzee aliyekuwa nyuma yake na sahani mkononi aligeuka akaenda zake. Walipoketi, wifi alifungua mkoba wake na kutumbukiza humo mayai mawili na soseji zilizobaki, zikichuruzika mafuta, bila hata karatasi.

"Za jioni," alisema, akapangusa vidole kwenye kitambaa cha meza.

Binti alimtazama shangazi yake, kisha akamtazama mama yake. Mama Mashuka alikuwa na kipande cha mkate mdomoni na hakikushuka.  Alijiuliza ni vipi alizoa matapishi ya walevi na kwenda kula chakula chake cha mchana palepale, na leo anashindwa na yai la wifi yake.

Jibu alilipata aliporudi vyumbani. Taulo zilizoloa zilitupwa juu ya vitanda. Kioo kilikuwa na matone ya dawa ya meno. Chooni kwa wifi, afadhali tusiseme. Alisimama katikati ya vyumba vile viwili akaona alichokiona maelfu ya mara, isipokuwa safari hii aliwajua kwa sura. Hawa ndio wale wageni. Miaka yote alidhani ni watu wa namna nyingine, waliozaliwa kwingine, waliokosa mama wa kuwafunza. Kumbe ni watu wake, ambao nyumbani walijizuia kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulipwa kuwafutia.

Akafunga mlango kwa funguo, akakunja mikono ya gauni, akaanza kazi. Alipomaliza, pembe za mashuka zilikuwa kali kama bahasha. Akatoka haraka kabla mhudumu hajafika.

Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, ila mhudumu akamkuta. Alikuwa mwanamke wa makamo kama yeye, na alisimama mlangoni na toroli lake akimtazama mgeni aliyepiga magoti anasugua choo.

"Dada, tafadhali, acha," alisema kwa sauti ya wasiwasi. "Msimamizi akikuona nimekwisha."

"Hataniona. Naona aibu tu uingie humu."

Mhudumu akasogea, akatupa jicho kwenye kitanda. "Hizo pembe ni za kazi," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kikweli. "Wewe ni mwenzetu."

Wakamalizia pamoja, mmoja upande huu, mmoja upande ule, shuka likiruka kati yao na kutua bila kusahihishwa. Mhudumu alimweleza kuwa mwisho wa mwezi nusu yao wangeachishwa kazi mpaka kiangazi, na orodha ingeanza na waliolalamikiwa na wageni. Lalamiko moja lilitosha.

"Basi kwetu huwezi kulalamikiwa," Mama Mashuka alisema. "Kuwa na amani."

Siku ya tatu alitandika mapema wakati wenzake wanakula, akafunga vyumba, akawafuata ukumbini. Hajamaliza chai, wifi akainuka akisema anakwenda kuchukua mtandio, baridi imezidi. Dakika tano hazikupita, ukelele ukasikika kutoka ujiani mpaka wapishi wakachungulia.

Walipofika, wifi alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba cha kumi na nne, mkono kifuani. Msimamizi mwenye tai alikwishafika na daftari lake. Mhudumu alikuwa amebanwa kati ya toroli na ukuta. Ndani, juu ya mto mweupe, alilala mende mkubwa chali, miguu juu.

"Nilikuwa niweke kichwa changu hapo!" wifi alilia. "Mimi nina presha! Huyu mama anatandika nini, anatandika wadudu? Sikai chumba hiki hata sekunde. Nipeni cha upande wa bahari, la sivyo kila mtu atajua hoteli hii inafuga nini."

"Umetandika saa ngapi?" msimamizi akamuuliza mhudumu.

"Bado sijaingia leo, bosi."

"Hujaingia na kitanda kimetandikwa? Kimejitandika chenyewe?" Kalamu ikaanza kwenda.

 Mhudumu alimtazama Mama Mashuka mara moja tu, kisha akaangalia chini.

Mama Mashuka aliingia akainama juu ya mto. Mende aliwajua kuliko alivyowajua majirani zake. Huyu hakufa leo wala jana. Alikuwa mkavu kama ganda la karanga, miguu miwili haipo, na kwenye tumbo alinatwa na uzi mwekundu, wa aina ileile iliyokuwa ikining'inia kwenye bitana iliyochanika ya mkoba wa wifi. Na tumboni pia paling'aa mafuta. Mafuta ya soseji. 

"Kitanda hiki nimekitandika mimi," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Mke wangu," mumewe alinong'ona, "nyamaza. Yatakwisha."

"Nimekitandika mimi, saa moja na nusu, na mto huu nimeupigapiga kwa mikono yangu hii. Palikuwa hapana kitu. Nilifunga kwa funguo, na aliyefungua ni wifi yangu. Huyu mende amekuja kwa mkoba." Akamgeukia wifi. "Nikosoe, wifi. Fungua mkoba tuone."

Wifi aliukumbatia mkoba kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. "Unanigeuka mimi? Mbele ya watu baki? Damu ya mume wako?"

"Fungua."

Hakufungua. Mdomo ulifunguka badala yake, ukatoa maneno mengi kuhusu shukrani na malezi, lakini hakuna hata moja lililomtaja mende.

Msimamizi alikohoa, akavaa lile tabasamu ambalo Mama Mashuka mwenyewe alifundishwa kulivaa kazini. "Hakuna haja ya kufika mbali, waheshimiwa. Ni hali ya kutoelewana. Mama, tuna chumba kitupu upande wa bahari. Tutakuhamishia ili upumzike vizuri."

Mama Mashuka alidhani amesikia vibaya. Lakini wifi alikwisha kufuta machozi, na alikuwa anauliza kama kile chumba kina veranda.

"Na karatasi?" Mama Mashuka aliuliza.

"Karatasi gani, mama?"

"Hiyo uliyoiandika kumhusu huyu dada. Ichane hapa, nikiona."

Msimamizi akamtazama, akaona kwamba mtu huyu hataondoka. Akaichana. Mama Mashuka alinyoosha kiganja, akapokea vipande, akavitia mfukoni.

Walipobaki wawili chumbani mwao, mume akaketi kitandani na kushika kichwa. "Umemdhalilisha dada yangu kwa sababu ya mfagiaji."

"Mimi ni nani, mume wangu? Kazi yangu ni ipi?"

 Mume, kama mtu anayetaka kupunguza mambo, akaanza kucheka kidogo. "Na wewe umelikuza. Ulikuwa mzaha tu. Alinionyesha ndani ya basi, amemfunga kwenye karatasi. Nikajua ni utani wa dada."

"Ulijua."

"Nilijua nini sasa? Alimwokota nyuma ya jiko letu usiku wa kuamkia safari, alipolala kwetu, akasema tukinyimwa chumba cha bahari, huyu atatupatia..."

Akaishia hapo, kwa maana aliuona uso wa mkewe.

Nyuma ya jiko lake. Jiko alilolisugua kila Jumapili. Mende wake mwenyewe alisafirishwa saa saba, akalazwa pamoja na mayai na soseji, akatandikwa juu ya mto alioupiga yeye, na nusura mwanamke mwenziwe aachishwe kazi. Na mume akajua, akala, akalala, akakata kucha. Mama Mashuka alikwenda bafuni akatapika chai yote. Alipomaliza akasafisha sinki, safari hii kwa ajili yake mwenyewe, akakusanya vitu vyake akahamia chumba cha kumi na nne kwa binti. Ule mto aliutoa nje.

Jioni ile binti alimvuta mpaka ufukweni. Hapakuwa na mtu. Viti vya wageni vilikuwa vimefungwa kwa kamba, na mchanga ulijaa mwani unaonuka na chupa. Binti alivua viatu.

"Mama, shangazi anatupungia mkono kutoka verandani. Nimpungie?"

"Ni shangazi yako. Utakavyoona mwenyewe."

Binti akafikiri kidogo, akageuka akaingia majini. Yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Mama Mashuka alimfuata na gauni lake, yakamfika magotini, akapiga yowe, na wote wawili wakacheka mpaka meno yakagongana. Furaha yote ya likizo yake ilikuwa hiyo, na pia walikuta miguu imepata lami nyeusi isiyotoka kwa sabuni.

Waliporudi nyumbani, wifi alimsimulia kila mtu kuhusu veranda. Mume alisubiri hasira za mkewe ziishe kama mafua. Haikuwa hasira, ilikuwa kinyaa, na kinyaa hakina dawa ya kumeza. Mama Mashuka alimpikia, alimjibu salamu, alizungumza naye mambo ya ada za shule, lakini aliacha kumfulia soksi na kumwondolea sahani mezani. Wiki mbili sahani zilirundikana mbele ya mume mpaka zikaanza kunuka. Siku moja asubuhi mume akazibeba mwenyewe mpaka kwenye karo, akafungua bomba, akasimama pale hajui sabuni inakaa wapi.

"Chini, mkono wa kushoto," mkewe alisema kutoka mlangoni, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.