Chumvi Kwenye Rejeta

Kwa wiki tatu swali moja lilininyima usingizi: yale maji niliyokuwa nikiyatia kwenye rejeta ya pikapu yetu kule Nyamisati, yalikuwa matamu au ya chumvi? Kama yalikuwa matamu, basi aliyeliua gari ni kaka yangu, kama nyumba nzima ilivyosema. Kama yalikuwa ya chumvi, niliyeliua ni mimi, na kaka alikuwa akitukanwa kila siku mbele ya sinia la wali kwa kosa langu.

Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Kila asubuhi kaka aliendesha kutoka Kibiti hadi gatini Nyamisati, mahali boti za Kiongoroni na vijiji vingine vya delta zinaposhusha samaki, kaa na mikeka. Tulipakia, tukapeleka Bungu na Kibiti. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya kemia. Barua zangu za maombi ya kazi hazikujibiwa, na Baba alichoka kuniona ndani. "Nenda kamsaidie kaka yako," alisema. "Hiyo simu unayoikodolea macho haitakuajiri."

Rejeta ilikuwa ikivuja kidogo. Baba alikataa kuitengeneza kwa sababu ilivuja kidogo tu. Kazi yangu ikawa kuijaza kabla hatujarudi, wakati kaka akipatana bei na wenye boti. Nilichota mtoni palepale, hatua kumi kutoka gari lilipoegeshwa.

Wakati wa masika maji ya pale hunyweka, kwa kuwa mto una nguvu ya kuisukuma bahari. Kiangazi bahari hurudi. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi hupanda hadi gatini na kuvuka, na hakuna mtoto wa delta asiyelijua hilo. Sisi si watu wa delta. Sisi ni Wamatumbi, watu wa milimani tuliohamia barabarani. Kwetu mto ni mto. Nilianza kazi ile masika, nikaendelea nayo kiangazi, kwa ndoo ileile, bila kuyaonja hata siku moja.

Siku moja mtu wa Kiongoroni aliyekuwa akishusha kaa alisimama kunitazama nikimimina.

"Dada," alisema, "imekolea, au tukuongezee chumvi?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wanaume wa gatini, wanaomtania kila msichana anayepita.

Kicheko kile changu ndicho kilichonitesa baadaye. Mtu aliniambia, nami nikacheka.

Gari lilikufa mchana wa jua kali, kabla hatujafika Bungu. Moshi mweupe ulitoka, kisha kikasikika kishindo kama sufuria limeanguka, basi. Mshale wa joto ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo kaka hakuona kitu. Kaa wote walioza kwenye matenga. Tulivutwa na trekta hadi Kibiti, watu wakitutazama vibarazani.

Fundi alifungua injini, akatikisa kichwa. "Imepasuka. Hili limeendeshwa likichemka. Dereva wenu ana mguu wa chuma." Rejeta aliichomoa akaitupa pembeni kwenye majani. Hakuna aliyeiangalia ila mimi. Nilichungulia ndani. Ilikuwa imeliwa, ina tope la kutu rangi ya matofali. Najua kinachotokea chuma kikikaa na chumvi. Nimekifanyia mtihani nikafaulu.

Sikusema. Niliwaza: kutu huja hata kwa maji matamu, na gari lilikuwa zee. Halafu nikawaza: lakini kutu kiasi kile? Nikawaza tena kwamba nikisema na nisiwe na hakika, nitakuwa nimevuruga nyumba bure. Kila nilipokaribia kufungua mdomo nilipata sababu mpya ya kungoja, na kila sababu ilionekana ya kisomi.

Nyumbani waliungana dhidi ya kaka. Baba hakumwita tena kwa jina, alimwita "bwana dereva". "Mpeni bwana dereva maji anawe." "Bwana dereva, leo unatupeleka wapi?" Kaka alikula ameinamisha kichwa, kisha akaacha kula nasi. Alikuwa amejenga chumba chake nyuma ya nyumba yetu, akawa analetewa sahani na mkewe.

Bibi, mama yake Baba, matusi yake yalianzia mbali. Tangu utotoni alikuwa akitusimulia jinsi ukoo wetu ulivyofika huku. Wakati wa vita vya Maji Maji, kule Umatumbi, watu walikunywa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa ilikuwa na miiko yake: usipore, usilale na mwanamke. Risasi zilipowaangusha watu, wengi hawakuilaumu dawa. Walimtafuta aliyevunja mwiko. Katika ukoo wetu kidole kilimwangukia kijana mmoja. Alifukuzwa akiwa na jembe lake tu, akavuka Rufiji. Sisi ni wajukuu wake. Miaka yote Bibi alimtetea kijana yule kama mtoto wake wa kumzaa. "Alisingiziwa," alikuwa akisema, na hadithi ilikomea hapo.

Sasa aliigeuza. Kaka alikuwa akipita uani na ndoo, na Bibi akasema kwa sauti ya kusikika: "Huenda walimfukuza kwa haki. Naona uzao wake."

Kaka aliweka ndoo chini. "Bibi, hata wewe?"

"Hata mimi. Kaa wameoza, gari limekufa, mama yako anatembea kwa miguu hadi sokoni. Nikusifu?"

Nilikuwa nikichambua mchele hatua mbili kutoka pale. Nilimwaza yule mwingine, ambaye Bibi hakuwahi kumtaja: mtu aliyeuvunja mwiko kwelikweli, kama alikuwapo. Alikaa wapi wakati kijana akifunga mzigo wake? Nadhani alikuwa akichambua kitu, macho chini.

Kisha Baba akatoa hukumu. Tulihitaji gari jingine, la mkononi, lililokwisha kutumika, na akiba haikutosha. Kaka alipooa, Baba alimpa mikorosho kumi na miwili. Kwetu shamba laweza kuwa la huyu na miti ikawa ya yule, na mti hupewa mtu, huuzwa, hurithiwa, udongo ukabaki palepale. Mikorosho ile ndiyo mali pekee ya kaka.

"Gari umeliua wewe," Baba alisema, "basi mikorosho yako ndiyo itakayolinunua jingine. Mnunuzi anakuja Ijumaa baada ya sala."

Mama alisimama. "Ulimpa siku ya harusi, mbele ya wakwe. Leo unamnyang'anya?"

"Nani kanyang'anya? Nauza."

"Unauza cha mtu!"

"Na yeye kaua cha nani?"

Kaka hakujitetea. Alisema tu, "Kata kabisa, Baba. Usiuze. Kata tuchome mkaa, ufurahi." Akaondoka.

Siku ya Jumatano Baba alinichukua twende Bungu kutazama pikapu iliyokuwa ikiuzwa. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali mengi, na kwa mara ya kwanza tabia hiyo ilikuwa na faida. Niliuliza kuhusu kadi, matairi, na sababu ya mlango mmoja kuwa na rangi tofauti. Muuzaji, mfanyabiashara wa korosho mwenye tumbo kubwa, alimgeukia Baba.

"Mzee, binti yako ananunua gari au analichumbia?"

Baba hakucheka. Mimi nilikuwa nimefika kwenye rejeta. Nilifungua kifuniko, nikachovya kidole, nikakionja.

Sikujua nimefanya hivyo mpaka nilipoinua macho. Yalikuwa maji matamu, yenye ladha ya chuma kidogo. Baba alikuwa akinitazama.

"Unaonja nini?"

"Maji."

"Kwa nini?"

"Kuangalia tu."

Njiani kurudi hakuniambia neno. Nami nilikaa nikijiuliza kama ameelewa, na kama ameelewa kwa nini hasemi, na kama hasemi ni kwa kuwa anangoja niseme mwenyewe au kwa kuwa ni rahisi kwake kaka aendelee kuwa mkosaji. Mtoto wa kiume asiye na cheti na mtoto wa kike mwenye shahada: yupi ungependa awe amekuharibia gari?

Alhamisi sikuweza kuvumilia. Nilipanda bodaboda hadi Nyamisati. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yamejaa hadi kwenye ngazi za gati. Nilichota kiganjani mahali nilipozoea kuchota, nikanywa. Niliyatema. Mwanamke aliyekuwa akianika kamba wadogo aliniangalia kama mwendawazimu. "Mwanangu, una kiu ya namna gani?"

Basi swali lilikuwa limekwisha. Nilidhani nikipata jibu nitalala. Sikulala hata kidogo.

Ijumaa mnunuzi alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Tulikwenda naye shambani: Baba, kaka, Mama na mimi. Bibi alibaki barazani, lakini shamba lilianzia pale uani, alituona. Mnunuzi alizunguka mkorosho wa kwanza, akaupiga mstari wa alama kuwa ni wake. Wa pili. Kaka alisimama mikono nyuma, kama mtu anayehesabiwa fimbo. Nilijiambia mti wa tatu ukipigwa nitasema. Ulipigwa. Nilijiambia wa nne. Hapo nikajisikia nikihesabu miti ya mwenzangu kwa woga wangu, nikaona aibu iliyozidi woga.

"Acha," nilimwambia mnunuzi. Kisha nikamgeukia Baba. "Gari nimeliua mimi. Nilikuwa najaza rejeta maji ya gatini. Yana chumvi. Jana nimeyaonja."

Mnunuzi alishusha brashi. Mama alishika kichwa. Baba alitazama miti, hakunitazama mimi.

Kaka ndiye aliyesema. "Tangu lini unajua?"

"Jana."

"Usinidanganye. Tangu lini?"

"Tangu kwa fundi," nilisema.

"Wiki tatu." Alitikisa kichwa taratibu. "Kemia. Ulinitazama wiki tatu ukachambua mchele."

Mama alikuwa akiniwekea fedha za kwenda Dar es Salaam, nikajitolee ofisini bila mshahara, nipange chumba, nijulikane. Aliziweka kidogokidogo kwa kusuka mikeka, miaka miwili. Ofisi ilikuwa imekubali, nilipaswa kuripoti mwezi uliofuata. Nilimwambia Mama, mbele ya mnunuzi, azitoe ampe Baba. Mama akaniuliza, "Una hakika? Hazitarudi."

Sikuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika na kitu chochote. "Zitoe," nilisema.

Mnunuzi alifunika kopo lake akaenda zake, akinung'unika kuhusu nauli na rangi iliyopotea.  Siku hiyo Bibi, aliyesikia yote kutoka barazani, hakumtaja yule kijana wa vita, wala hajamtaja tangu hapo.

Jumatatu mimi na Baba tulikwenda Bungu kulichukua gari lenye mlango wa rangi nyingine. Jumanne asubuhi kaka aliliwasha, nami nikapanda mbele nikiwa nimepakata dumu la maji ya kisima cha nyumbani. Hakuniambia nishuke, wala hakunisalimu. Mikorosho mitatu bado ina mistari myekundu. Nilijitolea kuisugua, akasema niiache hivyo.