Springi Ambayo Sikuichora

Baba yangu alichukuliwa na Landrova ya serikali kwa sababu ya kitu ambacho mimi sikukichora.

Ilikuwa Jumanne, Februari 1979. Vita na Uganda vilikuwa vimepamba moto. Askari wawili walimkuta kwenye kibanda chake cha uhunzi, katika kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Lusahunga.

"Wewe ndiye Bartholomayo?"

"Ndimi."

"Huu mchoro aliuchora nani?"

Wakakunjua karatasi. Niliitambua kabla haijafunguka yote. Ilikuwa ya daftari langu.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu, ungo mkononi.

Baba hakunitazama.

"Mimi," akasema.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwaka mmoja kabla, baba alitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Baiskeli mbovu na vyuma vya majembe, basi. Kazi iliyokuwa ikiwatoa wanawake malengelenge siku mbili, ilimalizika kabla maharage hayajaiva.

Jirani yetu Shibuda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuja kushangaa. "Mzee Batho, hii kitu ina njaa kuliko zizi langu zima!"

Sifa zikafika mjini. Mwezi wa sita akaja Bwana Privatus, afisa wa viwanda vidogo. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka watoto wakajitazama humo.

"Ndugu mzee, taifa linaihitaji hii. Nipe mchoro, tukatengeneze hamsini."

"Na jina langu litaandikwa wapi?" baba akauliza.

"Jina la nini tena? Hii ni mali ya umma. Au bado una ubepari kichwani, mzee?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kidogo.

Mimi nilikuwa likizo, kidato cha pili, kwa hiyo kazi ya kuchora ikawa yangu. Nilipofika kwenye springi, ile inayofanya meno ya mashine yarudi nyuma gunzi gumu likikwama, baba akainama na kuniambia kwa Kizinza:

"Hiyo iache."

Nikaiacha.

Katika ukoo wetu wa wahunzi, mgeni huonyeshwa kazi yote isipokuwa kitu kimoja. Akikwama, atarudi. Atakaa, atakula nasi, ndipo atafundishwa. Haukuwa uchoyo. Ilikuwa namna ya kumfanya arudi akiwa mwanafunzi.

Baba alidhani kila fundi duniani analijua hilo. Alimsubiri Bwana Privatus miezi minane.

Hakurudi.

Walitengeneza mashine zote hamsini bila kuja kuuliza neno, wakazigawa kwenye vijiji vilivyokuwa vikipukuchua mahindi ya askari. Bila springi, meno yalikatika na kuruka. Kule Keza, Ngara, mama mmoja alipoteza jicho.

Wakati wa vita, jambo kama hilo lilikuwa na jina moja tu. Hujuma.

Mama alikimbia na blanketi hadi kwenye gari. Hawakulipokea. Baba alinigeukia mara moja tu.

"Auleria, urudi shule."

Ningeweza kufungua mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na niliogopa. Gari likaondoka.

Aprili tukaletewa habari kwa mdomo. Amefia mahabusu, malaria, ameshazikwa. Hatukupewa mwili. Tukaanua matanga bila kaburi.

Mwaka 1991 nilikwenda Dar es Salaam kwa msiba mwingine. Nikaingia ofisi moja inayotunza hati za uvumbuzi, nikaitaja ile mashine. Mama mmoja wa makamo akaniletea jalada.

Mbunifu: Privatus. Jina la baba halikuwemo popote.

Nikafunua mchoro. Haukuwa wangu. Huu ulikuwa na springi.

Pembeni mwake, kwa herufi kubwa zilizopinda, palikuwa na maneno mawili: HAPA SPRINGI. Baba hakujua kuandika mpaka nilipomfundisha mwenyewe, usiku kwa usiku, wakati wa kisomo cha watu wazima. Mkono ule siwezi kuusahau.

Chini yake palikuwa na muhuri wa tarehe.

11 Agosti 1979.

Miezi minne baada ya sisi kumlilia.

"Dada, maji?" yule mama aliniuliza. Nadhani nilikuwa nimekaa sakafuni.

Sijui Agosti ile walikuwa wamemweka wapi. Sijui aliandika kwa hiari, au alifanywa nini kwanza. Sijui kama aliiona Septemba.

Wewe unayesoma hapa, ukibuni kitu, hata kidogo, andikisha jina lako kwanza. Usimwachie mtu mwingine akuandikie, hata akikuita ndugu.

Nilirudi tena ofisini kuuliza kama jina linaweza kubadilishwa. Nikaambiwa muda wa kupinga ulishapita.

Na sasa muda wa hati yenyewe umekwisha. Mashine hizo zinachomelewa pale Lusahunga, kando ya barabara ya malori, na fundi yeyote anaruhusiwa kuzitengeneza bila kumwomba mtu.