Mzee Aliyechechemea Angani

Nilipokuwa na miaka tisa nilimchukia mzee mmoja niliyekuwa nikimwona angani tu. Jina lake Zohali. Ba, bibi wa Kihindu aliyeishi nyuma ya duka la mwanawe pale Kilosa mjini, alimwita Shani, na ndiye aliyenionyesha: nyota ya manjano isiyopepesa, imetulia juu ya paa la stesheni alfajiri.

"Huyu mzee kiguru," alisema. "Anachechemea. Akiingia nyumba ya mtu, hatoki upesi."

Nyumba aliyoingia ilikuwa ya mama yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Rafu za maduka zilizokuwa tupu zilijaa sabuni na vitenge, na malori yaliongezeka barabara kuu hadi mama akaacha kazi ya kumfulia Ba, tukahamia Mikumi auze chai na chapati kwa madereva. Chai ilikwenda vizuri. Watoto ndio hawakukaa. Wawili walizaliwa kule, na wote wakafa kabla ya arobaini. Alipopata mimba nyingine mama aliacha kucheka, nami niliyetamani sana mdogo wangu niliogopa hata kulitaja lile tumbo.

Ndipo akaenda kwa Ba. Ba alitaka tarehe na saa aliyozaliwa mama. Tarehe ilikuwepo kwenye cheti cha ubatizo. Saa hakuna aliyekuwa nayo. Ila bibi yangu wa Masanze alikumbuka kwamba king'ora cha kwanza cha shamba la mkonge kilimkuta na uchungu, na cha pili kikalia kitovu kimeshakatwa. Ba alifurahi mno. Saa za ving'ora vile alizijua kwa moyo, maana zamani mji mzima ulikuwa ukiamshwa navyo. Alichora miraba kwa penseli, akahesabu kwa vidole, kisha akarudia kuhesabu.

"Shani amekaa nyumba yako ya tano, ya watoto," alimwambia mama. "Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita anavuka. Mtoto akimsubiri atoke, mtoto huyu atakaa. Wewe usizalie Mikumi. Njoo hapa, karibu na hospitali."

"Na asipomsubiri?"

Ba aliikunja ile karatasi ya miraba.

Baba aliposikia alikasirika. "Mimi Mkristo. Sifungi safari kwa ajili ya nyota." Mama, ambaye sikuwahi kumwona akimbishia, alitia khanga mbili kwenye mfuko, akanishika mkono, tukapanda pikapu iliyobeba vitunguu.

Uchungu ulimshika Jumatano. Siku mbili kabla! Uso wa Ba ulivyobadilika sijausahau. Mama alipelekwa hospitali, mimi nikabaki uani kwa Ba. Alfajiri ya Alhamisi Ba aliwasha taa ya mafuta, akanitilia ufuta mweusi kiganjani, akaniambia nimwage chini kwa heshima ya mzee. Niliumwaga. Kisha nikaitazama ile nyota, nikaikemea bila hata shikamoo: "Tembea haraka! Toka! Tembea haraka!"

Ba alinishika bega. "Usimkaripie. Mguu wake unauma."

Siku ileile uchungu ukakata. Ukakata tu, na manesi wakamwambia mama apumzike. Ijumaa asubuhi ukarudi, na mchana mdogo wangu akazaliwa, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, yuko kimya. Nesi alikitengua, akahangaika naye, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye baraza la hospitali nikasikia kilio. Nywele zilinisimama. Nilimtafuta yule mzee angani, lakini jua lilikuwa kali, sikuona kitu.

Jioni baba alifika, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Ba kando ya kitanda.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, baba."

Ba ndiye aliyeifungua khanga. Mguu wa kushoto wa mtoto ulikuwa umepinda kwa ndani. Mama akaanza kulia. Ba hakushtuka. Aliushika ule mguu mdogo kwa mikono miwili, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

"Yeye na mzee walipishana mlangoni," alisema.

Leo mimi ni nesi. Nimepokea watoto wengi wenye mguu kama ule, wa wazazi wasiomjua Zohali wala jamaa zake, na mimi huwaeleza mama zao vizuri kwamba hakuna aliyekosea. Najua pia kwamba neno la Ba kuhusu hospitali lingemwokoa mtoto yeyote mwenye kitovu shingoni. Yote hayo nayajua, na bado sijui nani aliuambia uchungu usubiri. Nikiikumbuka ile Alhamisi, nywele hunisimama tena.

Mdogo wangu ni fundi wa malori Mikumi. Akinitembelea namsikia tangu getini: hatua moja nzito, nyingine ya kuburuza. Wanangu humpigia kelele kutoka mezani.

"Mjomba, fanya haraka, chai inapoa!"

Mimi huwanyamazisha. Nawaambia wamwache atembee mwendo wake, na natoka barazani kumsubiri.